Kupima usingizi wa wavuvi wa dagaa Sahare kwa saa za mkononi: zinafaa au napoteza hela?

BintiSahare aliuliza:

Asalaam aleykum na habari za leo kwa wote. Wakubwa shikamooni.

Mie ni muuguzi hapa Tanga mjini, na pembeni nasomea uzamili wa afya ya jamii. Mada ya utafiti sikuitafuta mbali. Zahanatini kwetu wanakuja wavuvi wa dagaa wa Sahare na Deep Sea, wale wanaoingia baharini wakati wa magharibi na taa zao wakarudi alfajiri. Malalamiko yao yanafanana: kichwa, macho mazito, "sista mwili hauna nguvu kabisa". Ukiwapima presha, wengi wa umri wa kati imepanda. Ukimuuliza mtu analala muda gani kwa siku, anacheka. "Nalala nikipata." Ukimbana atakutajia masaa nane ili umwache, na mwenzake aliye naye kwenye benchi atadakia, "Manane ya wapi, we!"

Sasa maneno ya mdomo pekee hayanitoshi. Nataka kuwavalisha kitu mkononi kirekodi kulala na kuamka kwao, kisha nilinganishe na presha, uzito na shughuli zao za mchana. Mwalimu anayenisimamia ameniachia nichague. Chuo kinaweza kuniazima vifaa vichache vya utafiti, vile visivyo na kioo wala namba, kama kidonge cha plastiki kwenye mkanda. Au kwa hela ndogo niliyonayo ninunue saa janja nyingi za bei ya chini, zile zinazopangwa kwenye maduka ya simu, zenye picha ya mwezi na grafu ya usingizi mzito na mwepesi.

Hizo za dukani zimeanza kunitia wasiwasi kabla sijalipa. Nilimvalisha binamu yangu moja, naye ni mvuvi. Usiku aliokuwa baharini programu ikamwandikia amelala masaa mawili na ushee, tena ndani yake ikakata kipande cha "usingizi mzito". Yeye anaapa hakusinzia hata kidogo. Asubuhi aliporudi akaanguka mkekani mpaka adhuhuri, saa haikuandika usingizi wowote. Ilimpa pongezi kwa kutulia.

Mlio na uzoefu, nisaidieni. Namba hizi zina maana yoyote kwa mtu anayelala mchana? Nichukue vifaa vichache vya chuo au vingi vya dukani? Na wavuvi wenyewe watakubali kweli, maana nikitaja tu neno "kurekodi" naona nyuso zinabadilika.

---

Kipanga wa Chumbageni:

Dada, umvalishe mvuvi saa mpya halafu usubiri irudi? Nunua na za akiba. Utafiti wako utaishia kuuzwa Ngamiani barabara ya kumi na mbili.

---

Fundi wa Data, Bagamoyo:

Achana na Kipanga, ingawa hilo la vifaa kupotea liweke kwenye bajeti kweli.

Nimeshughulika na data za vihisi vya mkononi kwa muda, nikueleze ninavyoziona. Ndani ya kifaa chochote cha aina hii, cha chuo au cha duka la simu, kitu cha msingi ni kihisi mwendo, akselerometa. Kinapima mkono unavyosogea kwa pande tatu, mara nyingi kwa sekunde. Kule Uingereza, mradi mkubwa wa utafiti wa afya, UK Biobank, uliwavalisha watu wapatao 100,000 vifaa vya namna hiyo kati ya 2013 na 2015, kila mmoja siku 7, vikirekodi mara 100 kwa sekunde. Havikuwa na kioo wala grafu ya mwezi. Vilirekodi mwendo tu.

Usingizi wenyewe uko kwenye ubongo. Kuupima sawasawa unamlaza mtu maabara, unambandika elektrodi kichwani, kando ya macho na kidevuni, unasoma mawimbi ya umeme ya ubongo usiku kucha. Hicho ndicho kipimo ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho. Saa ya mkononi haina habari na ubongo. Inachojua ni kwamba mkono umetulia, basi inakisia mwenye mkono amelala. Kwa mtu aliyelala kweli inapatia mara nyingi sana. Inapofeli ni kwa mtu aliye macho huku ametulia. Binamu yako akiwa kwenye boti, taa imewashwa, dagaa bado hawajakusanyika, anafanya nini? Anakaa. Amejikunyata na koti, mikono kwapani. Kwa kihisi, huyo kalala.

Kuna njia moja inayotumika sana kwenye data za utafiti: kompyuta inaangalia pembe ya mkono, na kama haijabadilika zaidi ya digrii 5 kwa dakika 5 au zaidi, kipindi hicho kinahesabiwa kuwa huenda ni usingizi. Nzuri kitandani. Sasa weka mkono huohuo ndani ya mashua wakati wa kusi. Wimbi linaugeuza mkono wa mtu aliyelala fofofo, na bahari ikitulia mkono wa aliye macho haugeuki. Utakosea huku na huku. Kwa hiyo masaa ya baharini yasisomwe kama usingizi mpaka uwe na ushahidi mwingine.

Kuhusu rangi za "usingizi mzito" na "mwepesi": hizo saa za dukani zina taa ya kijani kwa chini inayosoma damu inavyopita kwenye ngozi, ndiyo mapigo ya moyo. Kutoka kwenye mwendo na mapigo wanakisia hatua za usingizi, kwa kanuni ambayo mtengenezaji hakuonyeshi. Safu hiyo ifute kabisa. Na ya kalori pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu aina 7 za saa kwa watu 60. Mapigo ya moyo, 6 kati ya hizo zilikosea chini ya asilimia 5. Nguvu inayotumiwa na mwili, iliyo bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na mbovu kabisa asilimia 93. Zikiwa na kipimo cha oksijeni ndiyo uwe macho zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2020 ulikuta vile vibanio vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwa wazungu. Ikiwa cha hospitali kinayumba kwenye ngozi yetu, cha elfu thelathini sitakitetea.

Sasa kilicho na thamani. Vifaa hivi ni vizuri kwa *wakati*: mtu analala lini, anaamka lini, na jana yake ilifanana na leo yake au la. Watafiti walipochambua data za watu 60,977 wa UK Biobank, wakachapisha 2023, walikuta kulala kwa mpangilio usiobadilikabadilika kulibashiri vifo kwa usahihi zaidi kuliko idadi ya masaa ya kulala. Hapo ndipo wavuvi wako watakapokupa kitu. Usihangaike na kama fulani kapata usingizi mzito dakika arobaini. Angalia usingizi wake unavyohama ndani ya saa ishirini na nne.

Mie ningechukua vichache vya chuo. Vinakupa data ghafi, kila mtetemo, unaweza kurudia hesabu mwakani kwa kanuni nyingine. Saa ya dukani inakupa hukumu bila mwenendo wa kesi. Uchambuzi upo wa bure, kuna programu inaitwa GGIR, inatumika ndani ya R, ile programu ya bure ya takwimu. Jambo moja tu: kwa kawaida huikata siku saa sita mchana mpaka saa sita mchana, kwa kudhani watu wanalala usiku. Mvuvi anayelala saa tatu asubuhi mpaka saa nane utamkata katikati. Uiambie kwa kuipa shajara ya usingizi, itambue kwamba huyu hulala mchana.

Na shajara ni lazima. Bila shajara utakuwa unapiga ramli.

---

BintiSahare:

Ahsante sana kaka, umenifungua. Binamu nimemsomea hapo pa mikono kwapani, kacheka mpaka kakohoa.

Ila nakupinga kidogo kwenye shajara. Wengi wa hawa watu wazima hawaketi na kalamu. Na akiandika "saa kumi", ni kumi gani? Ya alfajiri yuko majini, ya jioni anajiandaa kutoka, na kompyuta yako inataka 04:00 au 16:00. Nimeshaona fomu za miradi mingine hapa mjini zikijazwa nusu kwa saa yetu nusu kwa saa ya simu, na aliyeingiza data hakuuliza mtu.

Wazo langu ni adhana. Mtu hakumbuki saa, anakumbuka alilala kabla au baada ya adhuhuri, aliamshwa na ya alasiri au aliipitiliza. Hapa kwetu tuko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta, jua halitangitangi sana, alfajiri ya Januari na ya Julai hazipishani hata saa nzima. Hata wasio Waislamu pale pwani wanaitumia. Anituletee sauti fupi ya WhatsApp: "nimelala baada ya chai, nimeamka alasiri inaadhiniwa". Mie nageuza kuwa namba, mtu mmoja, kwa kanuni moja.

Madodoso nayo yananichekesha. Lile la Epworth la kupima kusinzia, lenye maswali 8, moja linauliza uwezekano wa kusinzia ukiwa ndani ya gari lililosimama kidogo kwenye foleni. Foleni gani Sahare? Labda ya kusubiri barafu.

Halafu nimesoma ule utafiti wa 2015 uliohusisha Wahadzabe wa kwetu, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu 94. Walivalishwa vifaa vya mkononi. Wakakutwa wanalala kati ya masaa 5.7 na 7.1, na wanaanza kulala kwa wastani zaidi ya masaa matatu baada ya jua kuzama. Watu wasio na umeme! Na mwingine wa 2017 kwa Wahadzabe 33 kwa siku 20, ukakuta dakika 18 tu ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Muda uliobaki daima kuna aliye macho. Nilipousoma nikawaza boti zetu. Pale nako daima kuna aliye macho. Sasa najiuliza, nikija na masaa yangu nane ya vitabuni nikawaambia wavuvi "nyie wagonjwa", nitakuwa nimepima usingizi wao au nimepima vitabu?

---

Fundi wa Data, Bagamoyo:

Adhana nimeikubali, tena nitakuibia. Iandike kwenye sehemu ya mbinu, ueleze na muda wa adhana uliotumia.

Kuhusu Wahadzabe, tofauti ni kwamba wao wanalala usiku, jua linawapangia. Uchache wa masaa peke yake sio hoja. Wavuvi wako wanafanya kazi usiku kwenye mwanga mkali wa taa, halafu wanalala juani. Kazi za zamu za usiku, shirika la WHO la utafiti wa saratani limeziweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, 2007 na tena 2019. Kwa hiyo mlinganishe mvuvi na yeye mwenyewe. Zile siku anazotoka na zile asizotoka.

---

Nahodha Mstaafu:

Waaleykum salaam binti. Marahaba.

Kijana wa Bagamoyo kasema vizuri lakini kapita juu ya jambo kubwa, na nyote mmepita. Mnasema siku 7. Wiki ni ya watu wa ofisini. Mvuvi wa dagaa hana wiki, ana mwezi. Giza likiingia twatoka kila usiku Mungu akijalia na upepo ukiruhusu. Mwezi ukiwa mkubwa, taa yako inashindana na taa ya Mungu, dagaa hawakusanyiki, boti zinalala. Hapo tunashona nyavu, tunapaka boti dawa, mtu analala usiku na mkewe kama binadamu wengine. Sasa binti ukinivalisha kidude chako siku saba za giza utaandika mvuvi ni popo. Ukinivalisha siku saba za mbalamwezi utaandika mvuvi ni karani wa benki. Vaa mwezi mzima, siku 29 au 30, ndiyo utanijua. Na kama mwezi huo ni wa Ramadhani, sema hivyo, maana hapo kuna daku na tarawehe na kila kitu kimegeuka tena.

La pili, mkono. Wewe umewahi kukaa kwenye boti wavu ukikimbia? Wavu unapoteremka hauulizi. Mie kwenye boti yangu pete ilikuwa marufuku, na bangili marufuku, na saa marufuku, kwa sababu jicho la wavu likinasa kwenye chuma mkononi, mtu anakwenda na wavu. Usilete mkanda wa buckle. Lete unaoachia wenyewe ukivutwa, au mtu auvue wakati wa kushusha na kuvuta wavu, nawe ukubali pengo hilo kwenye mahesabu yako. Hakuna karatasi ya chuo yenye thamani ya kidole cha mtu.

La tatu ndilo lile ulilosema nyuso zinabadilika. Binti, nyuso zina sababu. Tangu iwekwe hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, mwaka 2009, mvuvi wa Tanga akiona mgeni na kifaa anaona doria. Kabla yake kulikuwa na msako wa uvuvi wa baruti, waliokamatwa walikamatwa, na wasiohusika nao walisumbuliwa. Kila mmoja ana mwamba wake aliourithi kwa babake, hauonyeshi hata kwa shemeji. Kidude kinachojua ulikuwa wapi usiku? Hata bure hatuvai.

---

BintiSahare:

Shikamoo tena babu. Hilo la mwezi limenikalisha chini. Nilishapanga wiki moja moja kwa sababu ndivyo tafiti zote nilizosoma zilivyo, na msimamizi wangu alipitisha.

Kuhusu mahali alipo mtu: vifaa vya chuo havina GPS, havina simu ndani, havijui bahari na nchi kavu. Nitavifungua mbele yao kama itabidi. Saa janja ndiyo nimezifuta kabisa leo, kwa sababu hizo zinaunganishwa na simu ya mtu, na data yake inakwenda kwenye kompyuta za kampuni huko nje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya za mtu ni miongoni mwa zile nyeti. Sitaki kuanza kwa kukiuka. Kibali cha maadili nitakipitishia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwenye fomu ya ridhaa nitaandika kwa Kiswahili cha watu kwamba kifaa hakijui mtu yuko wapi, na data haitapelekwa kwa mtu wa doria, wa kodi wala mke.

---

Kipanga wa Chumbageni:

Hapo kwenye "wala mke" umepata washiriki wote.

---

Mama Lishe wa Deep Sea:

Hamjambo. Huwa nasoma tu humu, leo nimeshindwa kunyamaza.

Mie nawapikia hao wavuvi. Chai na vitumbua asubuhi wakishuka, wali mchana. Mnaongea habari za mkono umetulia, mkono umesogea. Nendeni mkaone *wanalala wapi*. Kaka anarudi, anauza, anagombana na mchuuzi juu ya bei, anapiga chai, anafika nyumbani saa tatu. Nyumba ya bati bila dari. Kaskazi ikiwa imesimama, ndani ya chumba hicho saa saba mchana huwezi kukaa na nguo. Watoto wametoka shule, jirani ana spika, pikipiki zinapita dirishani. Anahamia barazani, anahamia chini ya mwembe, anahamia kwenye boti iliyopakwa dawa, anajifunika tanga. Kila akihama kidude chako kitaandika ameamka, na kweli ameamka. Kwa hiyo usije ukaandika "mvuvi ana tatizo la usingizi". Ana tatizo la dari.

Mweke na kipimajoto kidogo chumbani, bei yake sio kubwa. Hata cha kuning'iniza.

Na jingine. Mmesema wavuvi, wavuvi. Dagaa wakishuka nani anawachemsha? Wanawake. Wanaamka saa nane, saa tisa za usiku kuwahi boti, na wanachemsha kwenye mapipa, moto na moshi usoni, wanaanika, jioni wanakusanya, usiku wana watoto na mume anayetaka kula kabla ya kutoka. Mume akirudi akalala, yeye halali. Mbalamwezi boti zikilala, mwanamume analala usiku, mama anahangaika kutafuta hela ya mboga. Sasa yupi ana usingizi mbaya? Na hao hawaji zahanatini kwako kusema kichwa kinauma, hawana muda wa benchi. Na mkanda wavae tu, hawavuti wavu. Ila moto. Plastiki na pipa linalochemka, angalia.

Halafu kukoroma. Mwanamume akikoroma akakata pumzi kama anazama, akashtuka, hiyo hamuipati mkononi. Muulizeni mkewe.

---

Fundi wa Data, Bagamoyo:

Mama Lishe, shikamoo. Umefanya kazi ya msimamizi.

Binti, alivyosema kuhusu kukoroma ni sahihi kitabibu, wewe unajua kuliko mimi. Mtu anayekatika pumzi usingizini anaweza kuonekana kwenye kihisi mwendo amelala masaa saba mazuri, huku presha inapanda kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo swali kwa mwenza liwepo kwenye dodoso.

Na presha yenyewe iangalie inapimwa lini. Kwa mtu mwenye afya hushuka kama asilimia 10 hadi 20 akiwa usingizini. Ukimpima mvuvi saa nne asubuhi, umempima wakati ambao mwili wake ulitakiwa uwe umelala, tena baada ya kazi nzito na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Huwezi kumlinganisha na mwalimu wa shule uliyempima saa hiyohiyo. Pima kwa kuhesabu masaa tangu alipoamka. Kwa mashine ya mkononi yenye mpira wa kujaza upepo, sio kwa saa, hata kama saa inadai inapima presha.

Kama vifaa ni vichache usiogope. Watu wachache kwa mwezi mzima, giza na mbalamwezi, ni bora kuliko watu wengi kwa wiki isiyojulikana ilikuwa ya nini. Betri ya vifaa hivyo haifiki mwezi kwa kawaida, panga siku za kubadilishana: unachukua kilichojaa data, unampa kilichochajiwa. Ukirekodi kwa kasi ndogo kuliko ile ya Uingereza inadumu zaidi.

---

BintiSahare:

Mama Lishe nakuja kunywa chai kwako wiki hii, na sikulipi maneno matupu, nalipa vitumbua.

Nimekaa na daftari usiku huu. Jozi, mume na mke wa nyumba moja, yeye baharini na mwenziwe kwenye pipa. Mwandamo hadi mwandamo, nje ya Ramadhani. Kipimajoto chumbani. Sauti za WhatsApp kwa adhana. Uzito, kiuno, na presha kwa masaa tangu kuamka. Baharini mkanda unavuliwa wakati wa wavu, na kipindi chote cha baharini nakiita "kazini", sikisomi kama usingizi isipokuwa nahodha wa boti anithibitishie kuna zamu ya kulala. Hatua za miguu sitaziripoti kabisa. Ile namba ya hatua 10,000 kwa siku ilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka maabara, na mtu anayevuta wavu usiku kucha hapigi hatua hata mia.

Msimamizi wangu atakunja uso kwa idadi ndogo ya watu. Nitampelekea maneno ya babu yalivyo.

Swali lililobaki ni kwa babu. Ule mkanda wa kuachia, nimeupata wa kunata, ule unaotoa sauti ukiuchana. Unaweza kunisaidia kujua kama unaachia upesi kiasi cha kutosha kabla sijampa mtu?

---

Nahodha Mstaafu:

Ulete. Usije Ijumaa. Nitaufunga kwenye mti niunase na jicho la wavu, avute kijana mwenye nguvu, tuone. Ukilowa maji ya chumvi siku mbili tatu ujaribiwe tena, maana vitu vya kunata vikijaa chumvi na magamba vinakuwa na tabia nyingine.

Na hiyo fomu ya ridhaa iandike kwa herufi kubwa. Miwani yangu ipo chini ya bahari.

---

Kipanga wa Chumbageni:

Babu, na mie naweza kuja kuwa kijana mwenye nguvu?

---

Nahodha Mstaafu:

Wewe utashika kamba.